Programu ya simu kwa mfugaji mdogo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na vijana wanaotengeneza programu, maofisa mifugo wa kata na viongozi wa vyama vya ushirika wa maziwa. Nimeyajibu kwa kutumia mfano ninaoufahamu zaidi: kaya yenye ng'ombe wa maziwa wawili au watatu, mbuzi kadhaa na kuku wa kienyeji, kama zilivyo kaya nyingi za Rungwe, Hai na Lushoto huku Tanzania, au Nyandarua na Kiambu kule Kenya. Wafugaji wa kuhamahama nimewapa swali lao, maana mahitaji yao ni tofauti.

Nianzie wapi?

Anzia zizini, saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kukamua. Nenda ukae pale asubuhi tatu au nne kabla hujachora skrini hata moja. Utaona mikono ina mafuta ya kukamulia, ndama anavuta kamba, ndoo iko katikati ya magoti, na simu iko ndani inachajiwa au imeondoka na baba aliyewahi basi la mjini. Mtu huyo hana mkono wa kushikia simu. Ataandika baadaye, akishafikisha maziwa kituoni na watoto wakishaenda shule.

Kuna kanuni moja ambayo majibu yangu mengine yote yanaitegemea: kila swali unalomwuliza mfugaji limrudishie kitu ndani ya wiki hiyohiyo. Ukimwuliza amekamua lita ngapi, Jumamosi mwonyeshe anaudai ushirika shilingi ngapi. Ukimwuliza alimhimilisha ng'ombe lini, yaani aliitia mbegu kwa mhimilishaji lini, mwambie siku ya kumwangalia tena. Swali lisilomrudishia chochote lifute, hata kama mfadhili wako analipenda sana kwa ajili ya ripoti yake.

Mtumiaji wangu ni nani hasa?

Ni yule anayekamua, anayekata majani na anayemwona ng'ombe akikataa pumba. Mara nyingi ni mama au kijana wa nyumbani. Lakini simu janja ya familia na usajili wa ushirika huwa kwa jina la baba. Programu nyingi zinakwama hapa, kwa sababu ujumbe wa "leo mwangalie Malaika kama ana joto", yaani kama ng'ombe huyo anataka dume, unafika kwenye simu ya mtu aliye sokoni, na ng'ombe yuko nyumbani anapanda wenzake bila mtu kuandika.

Ruhusu namba mbili au tatu za simu kwa zizi moja. Fikiria pia nani anaona nini. Katika kaya nyingi za nyanda za juu, maziwa ya asubuhi huenda ushirika na malipo yake hupokelewa na baba, ila ya jioni hubaki mikononi mwa mama, naye huyauzia majirani na kununulia chumvi na daftari. Ukitengeneza jedwali linalojumlisha lita zote na kumwonyesha kila mtu, umeingia kwenye bajeti ya nyumba ya watu bila kubisha hodi. Mimi huacha maziwa ya jioni yawe ya hiari, na aliyeyaandika ndiye anayeyaona.

Simu janja au kitochi?

Vyote, ila anza na kitochi kichwani mwako. Huduma ya iCow ya Kenya, iliyoasisiwa na Su Kahumbu, ilishinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2011. Haikuhitaji simu janja. Mfugaji aliingiza tarehe ng'ombe alipohimilishwa, kisha akapokea ujumbe mfupi kwa mfuatano, kila mmoja kwa wakati wake. Jambo lililoipa nguvu ni kwamba ilimfuata mfugaji mahali alipozoea tayari, kwenye kisanduku cha ujumbe na menyu za nyota na reli, ambazo watu walikwisha kuzizoea kwa kutuma pesa tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007.

Menyu za nyota na reli zina mipaka yake. Skrini moja haizidi herufi 182, na ukichelewa kujibu inakatika, ukaanza upya. Kwa hiyo usiweke menyu ndani ya menyu ndani ya menyu. Hatua tatu zinatosha.

Kuna jambo dogo kuhusu ujumbe mfupi ambalo limewagharimu wengi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 kama kila alama imo katika seti ya kawaida ya simu. Kiswahili kinaingia vizuri humo, isipokuwa alama moja: ule mkato wa juu katika neno ng'ombe. Ukiandika kwa programu ya kompyuta inayoupinda mkato huo uwe kama koma ndogo ya juu, seti nzima inabadilika na ujumbe wako unashuka hadi herufi 70. Ujumbe uliokuwa mmoja unakuwa mitatu, na bili inakuwa mara tatu. Hakikisha mkato ni ule ulionyooka. Katika programu ya mifugo hakuna neno litakalojirudia kuliko ng'ombe.

Kama naweza kutengeneza kitu kimoja tu, kiwe kipi?

Kalenda ya uzazi. Hapo ndipo pesa ya mfugaji wa maziwa inapopotelea kimyakimya. Ng'ombe asiyeshika mimba anakula kama kawaida, na mzunguko mmoja wa joto ukipita bila kuonwa umepoteza siku 21 zisizorudi. Mizunguko mitatu ikipita, umepoteza miezi miwili ya majani, pumba na jasho.

Chukua mfano. Ng'ombe amehimilishwa tarehe 1 Machi. Programu ikijua tarehe hiyo peke yake, inaweza kumwambia mfugaji yote haya: kati ya tarehe 19 na 25 Machi mwangalie kwa makini asubuhi na jioni, maana akirudi kwenye joto hakushika. Kuanzia mwisho wa Aprili mwite mtaalamu ampime mimba. Tarehe 10 Oktoba anza kumkausha, yaani kuacha kumkamua, apumzike siku 60 kabla ya kuzaa. Tarajia ndama karibu na tarehe 9 Desemba, maana mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi. Na ndama akizaliwa, anywe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa chache za kwanza, maana kinga yake yote ya mwanzo imo humo.

Tarehe moja imerudisha mambo matano. Hakuna sehemu nyingine ya programu yenye faida ya namna hiyo. Mbuzi nao wanahesabika hivyohivyo kwa siku 150, na nguruwe kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, hesabu ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa kichwa.

Mfugaji akisahau tarehe?

Atasahau. Niliwahi kumwuliza mama mmoja, "Mama, huyu alihimilishwa lini?" Akanijibu, "Wiki ile tuliyomzika shemeji, mwanangu." Hilo ni jibu kamili kwake. Basi usimlazimishe kuchagua siku katika kalenda ndogo yenye namba za kubana macho. Mpe "leo", "jana", "wiki iliyopita", "kabla ya Pasaka", "baada ya Idi", kisha programu yenyewe iweke tarehe ya kukadiria na ionyeshe kwamba ni ya kukadiria. Ukaribu wa siku nne au tano bado unatosha kwa kukausha na kuzaa. Hautoshi kwa kuangalia joto, kwa hiyo hapo panua siku za kuangalia.

Kuna tatizo gani la saa?

Kubwa kuliko unavyodhani. Kanuni ya kuhimilisha ni kwamba ng'ombe aliyeonekana ana joto asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Sasa programu yako, kwa kuwa imejengwa kwa saa za kigeni, inaandika "mhimilishaji atafika 10:00". Mfugaji anasoma saa kumi, anajua ni alasiri, anaenda kukata majani. Mhimilishaji anafika saa nne asubuhi, hamkuti mtu. Mbegu imerudi mjini na siku 21 zimekwenda.

Andika saa kwa Kiswahili na uongeze asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kwa usiku andika "usiku wa kuamkia Jumanne", usiandike "Jumatatu usiku", kwa sababu kwa wengi siku huanza jua linapozama.

Kwa nini wafugaji hawapendi kutaja idadi ya mifugo?

Kwa sababu nyingi, na zote za kuheshimiwa. Katika jamii nyingi za wafugaji, kuhesabu mifugo kwa sauti ni kuita kijicho. Mchungaji mzuri hahesabu: anatupa macho jioni kundi linapoingia na anajua yupi hayupo.

Halafu kuna historia. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilidai Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi mno, ikawahesabu ng'ombe hao na kuwachukua kwa nguvu ili kuwapunguza. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu, akiwaongoza Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kudai mifugo yao. Mambo kama hayo husimuliwa kwa wajukuu. Mgeni akija leo na simu akiuliza "una ng'ombe wangapi?", hilo linakuwa swali la kodi, la kupunguziwa mifugo, au la mwizi anayepeleleza.

Kwa hiyo usianze na idadi. Anza na ng'ombe mmoja ambaye mfugaji mwenyewe anataka kumfuatilia, labda yule mwenye mimba. Akiona faida, ataongeza wa pili mwenyewe. Kundi likijaa kwenye programu baada ya mwaka mzima, umefanya kazi nzuri.

Ng'ombe atambulishwe kwa nini: jina, picha au hereni?

Jina kwanza. Ng'ombe wa maziwa karibu wote wana majina, na mfugaji hatamwita mnyama wake namba. Picha ya ubavu inasaidia nyumba yenye mitamba miwili inayofanana. Hereni za kielektroniki ni jambo zuri kwa soko na kwa kufuatilia wizi. Namba yake ina tarakimu 15, na tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi: 834 kwa Tanzania, 404 kwa Kenya, 800 kwa Uganda. Weka nafasi ya namba hiyo, ila usiifanye lazima. Na kamwe usimtake mtu aiandike tarakimu 15 kwa kidole: mruhusu apige picha ya hereni.

Je, programu iweze kutambua ugonjwa?

Hapa nina msimamo mkali. Programu imsaidie mfugaji kueleza anachokiona na kumfikia mtaalamu haraka. Isimpe jina la ugonjwa na dozi kama kwamba imempima mnyama.

Chukua ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio wa kahawia. Ng'ombe wa kigeni au chotara anaweza kufa ndani ya wiki mbili au tatu hivi tangu homa ianze, na dawa yake inafanya kazi vizuri ikiwahi. Dalili za mwanzo ni homa na kuvimba tezi za chini ya sikio na mbele ya bega. Swali zuri la programu ni: "Pitisha mkono chini ya sikio. Kuna uvimbe?" likiwa na mchoro wa mahali pa kushika. Akijibu ndiyo, namba ya mtaalamu ijitokeze kubwa kwenye skrini, aibonyeze apige. Kisha, kwa wale ambao ng'ombe wao bado wazima, programu ikumbushe kuogesha, na ieleze kwamba chanjo ya ndigana kali ipo. Ilitokana na utafiti wa Muguga, Kenya, na mnyama huchomwa mara moja. Mtaalamu ndiye anayeichoma, kwa kuwa huambatana na dawa na lazima ihifadhiwe kwenye baridi kali sana.

Kuna hali moja ambayo programu itoe amri bila kusubiri mtu yeyote. Mnyama aliyekufa ghafla, akitoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Huenda ni kimeta, nacho kinaua watu. Ujumbe huo uwe kwenye simu yenyewe, ufanye kazi hata pasipo mtandao, na uwe na sauti.

Vilevile mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa, taarifa ifike kwa ofisa mifugo siku hiyohiyo. Mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu Kenya na Tanzania, na kutupa mimba kwa mifugo ndiyo dalili inayopaswa kusikika mapema. Kitufe cha kutoa taarifa kama hiyo kina thamani kuliko makala hamsini za elimu ya ufugaji.

Kuhusu akili mnemba inayojibu maswali kwa sauti: itumieni kumsomea mfugaji yaliyokwisha kuhakikiwa na daktari wa mifugo. Dozi isibuniwe.

Na dawa?

Kazi ya programu hapa ni kuhesabu siku. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi na watoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Mfugaji apige picha ya lebo, aweke idadi ya siku, na programu imwambie: "Maziwa ya Malaika yanaruhusiwa kuanzia Ijumaa jioni." Najua inauma kumwaga maziwa. Ndiyo maana onyesha pia zimebaki siku ngapi, mtu aone mwisho wake.

Uzito nao unahusika, maana dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo na kijijini hakuna mzani wa ng'ombe. Futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua cha 150 na urefu wa 130 ni kilo 270 hivi. Mfugaji aingize namba mbili, hesabu iachie simu. Kutoa dozi ndogo kwa kubahatisha ndiko kunakozoesha minyoo dawa.

Mahali pasipo na mtandao?

Chukulia kwamba mtandao haupo, na ukitokea ni bahati. Kila kitu kihifadhiwe kwenye simu kwanza, kitumwe baadaye. Usihifadhi "hali ya ng'ombe" inayofutwa na kuandikwa upya. Hifadhi matukio: alihimilishwa, alikamuliwa, alichanjwa, kila tukio na namba yake iliyozaliwa kwenye simu hiyo. Mama akiandika kwake na kijana akiandika kwake, siku mtandao ukirudi matukio yote yanajipanga kwa tarehe na hakuna lililofuta jingine.

Programu iwe nyepesi. Simu nyingi za kijijini zimejaa picha za harusi na mahubiri ya sauti, na mtu akiambiwa nafasi imejaa, chako ndicho kitakachofutwa. Maandishi yawe meusi juu ya nyeupe, makubwa, yasomeke juani. Vibonzo vya ng'ombe vinavyocheza viache.

Lugha iwe ipi?

Kiswahili, lakini Kiswahili cha zizini. Mfugaji hasemi "mnyama yuko katika kipindi cha uzalishaji", husema ana joto au anataka dume. Husema mtamba, ndama, maksai, kiwele, zizi, josho. Maneno hubadilika ukivuka mlima: ulizia kila wilaya wanaitaje homa ya ndigana kabla hujaandika. Kwa wazee na kwa walio na lugha yao ya nyumbani, rekodi sauti ya mtu wa palepale. Sauti ya jirani inaaminiwa kuliko maandishi ya mgeni.

Vipi kuhusu wafugaji wa kuhamahama?

Kwao kalenda ya kila ng'ombe haina maana sana. Wanachohitaji ni malisho yako wapi, maji yako wapi na bei mnadani ikoje. Programu ya AfriScout imewaonyesha wafugaji wa Ethiopia, Kenya na Tanzania ramani za malisho kwa picha za setilaiti. Picha za namna hiyohiyo ndizo msingi wa bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010: ukijani ukishuka chini ya kiwango, malipo hutoka bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake wa aina hiyo mwaka 2015.

Tahadhari moja. Ramani inayoonyesha majani mazuri haionyeshi ni ya nani. Kuna malisho ya akiba ambayo wazee wameyafunga hadi kiangazi, na kuna mashamba ya watu. Ukiielekeza mifugo ya maelfu huko bila kauli ya wazee, umepeleka ugomvi. Wazee wachore mipaka hiyo kabla ramani haijafika kwa vijana.

Data ni ya nani?

Ya mfugaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Uganda ina yake ya 2019. Zisome, kisha nenda mbele zaidi yake: usionyeshe kwa mtu mwingine mahali zizi lilipo. Orodha ya ng'ombe wa maziwa pamoja na ramani ni zawadi kwa mwizi wa mifugo. Na mfugaji akitaka kuondoka, apewe kumbukumbu zake kwa namna anayoweza kuzichapa dukani na kumwonyesha mnunuzi. Mtamba mwenye historia iliyoandikwa hupata bei nzuri kuliko asiye nayo.

Nani alipe gharama?

Ushirika, kiwanda cha maziwa au duka la pembejeo, kwa sababu nao hufaidika maziwa yakiongezeka. Mfugaji hulipa kidogo akishaona ndama, kabla ya hapo hapana. Ila duka la dawa likilipa, lisipewe nafasi ya kupendekeza dawa ndani ya ushauri. Hilo ulikatae tangu siku ya kwanza, kwa maandishi.

Nitajuaje kama inasaidia?

Waliopakua programu hawakuambii kitu. Baada ya mwaka tazama nafasi kati ya ndama na ndama imepungua kwa siku ngapi katika nyumba zinazoitumia, na ni ng'ombe wangapi walikaushwa kwa wakati. Kisha rudi zizini. Wafugaji wengi huandika tarehe kwa mkaa au chaki kwenye nguzo ya banda. Ukikuta nguzo bado inaandikwa, usikasirike. Isome taratibu, uone ni kitu gani wanakiandika pale ambacho programu yako haikukiwekea nafasi.